Pumu ya utotoni na mapafu ya miaka 19: uwiano wa 0.74 una maana gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 19, naishi Tabata, Dar es Salaam, urefu wangu sentimita 172. Pumu ilinianza nikiwa na miaka 4, nikalazwa mara mbili, ikaja kutulia nikiwa darasa la sita na inhela nikaiacha. Tangu mwezi wa tatu nafanya kazi kwenye karakana ya fanicha Keko. Sasa nikicheza mpira dakika ishirini kifua kinabana, na usiku mara mbili tatu kwa wiki naamka na kikohozi. Nimepimwa kwa mashine ya kupuliza. Karatasi inaonyesha FEV1 lita 2.95 (asilimia 71), FVC lita 4.00, uwiano 0.74. Nikapewa inhela ya bluu, baada ya robo saa FEV1 ikawa 3.40 na FVC 4.05. Aliyenipima akasema uwiano umevuka 0.70, kwa hiyo mapafu ni mazima. Mama anasema pumu imerudi. Nimwamini nani? Na ugonjwa wa utotoni umeniharibia mapafu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mama yako yuko karibu zaidi na ukweli. Siku uliyopimwa mirija yako ya hewa ilikuwa imebana, na dawa ikaifungua kwa kiasi ambacho mtu asiye na pumu kwa kawaida hakipati. Namba ya kushika kuliko zote kwenye karatasi hiyo ni 3.40, na nitaeleza kwa nini.

Chukulia basi la mwendokasi limefika Kivukoni. Abiria wote watakaoshuka hadi wa mwisho ndiyo FVC, yaani hewa yote unayoweza kuitoa baada ya kuvuta pumzi mpaka kifua kijae. Wanaowahi kushuka katika sekunde ya kwanza ndiyo FEV1. Gawanya hao wa sekunde ya kwanza kwa abiria wote, unapata uwiano. Basi lako lilijaa, lita 4 kamili, ila milango haikufunguka yote. Baada ya inhela abiria ni karibu walewale, lita 4.05, lakini wa sekunde ya kwanza wameongezeka na uwiano umepanda hadi 0.84. Pafu halikuongezeka ukubwa ndani ya robo saa. Mlango ndio uliofunguka.

Sasa hiyo 0.70. Ni kipimo kilichozoeleka kwa watu wazima wenye ugonjwa wa kuziba mapafu unaoletwa na sigara na moshi, na wengi wao wamevuka miaka 40. Uwiano hushuka wenyewe kadiri mtu anavyozeeka, kwa hiyo mzee wa miaka 70 anaweza kuwa karibu na 0.70 bila kuumwa. Kijana wa kiume wa miaka 19 anatarajiwa kuwa na 0.86 hivi, na mpaka wa chini wa kawaida kwa umri huo ni kama 0.76. Ukimpima kijana kwa rula ya wazee, utamwambia ni mzima wakati mirija imebana. Ndicho kilichotokea kwako. Ukirudi, omba matokeo yaandikwe kwa alama z, ambayo hulinganisha mtu na wenzake wa umri, jinsi na urefu uleule. Alama iliyo chini ya hasi 1.64 ndiyo inayohesabiwa kuwa pungufu.

Mabadiliko baada ya dawa nayo yanazungumza. Kutoka 2.95 hadi 3.40 ni mililita 450, sawa na asilimia 15 ya ulipoanzia. Kigezo kilichotumika kwa miaka mingi ni ongezeko la angalau asilimia 12 na mililita 200 kwa pamoja. Kigezo cha kimataifa cha mwaka 2021 kinataka ongezeko livuke asilimia 10 ya kiwango kinachotarajiwa. Umevuka vyote viwili. Mtu mwenye historia yako, mwenye kifua cha kubana na kikohozi cha usiku, akipata ongezeko hilo, utambuzi wa pumu unasimama.

Hiyo asilimia 71, kwa upande mwingine, isikukoseshe usingizi. Mashine haijui mapafu yako yalitakiwa kuwa makubwa kiasi gani. Inakisia kwa hesabu zilizotokana na watu waliopimwa kwingine. Mashine nyingi huja zimewekewa hesabu za watu wenye asili ya Ulaya, ambao kwa urefu uleule kwa wastani hupuliza lita nyingi kuliko Waafrika waliopimwa. Mwaka 2022 zilitolewa hesabu za dunia zisizogawa watu kwa asili zao, na kama mashine yako ilitumia zile za Ulaya, ukizitumia hizi asilimia yako itapanda pointi kadhaa. Muulize mpimaji mashine imewekewa hesabu gani, aandike kwenye karatasi, na kila utakapopimwa itumike hiyohiyo. Bila hivyo unaweza kuonekana umepona au umezidiwa kwa sababu tu mashine imebadilika. Uwiano hausumbuliwi sana na tatizo hili, ndiyo maana niliuanza huo.

Urefu nao una makosa yake. Mtu anapimwa na viatu, au juu ya rasta na nywele nene, au anaulizwa tu akataja urefu wa kwenye fomu ya shule. Sentimita nne za uongo zinatosha kusogeza asilimia. Vua viatu, visigino viguse ukuta, ubao wa kupimia ukandamize nywele hadi kichwani.

Sasa swali lako zito, kuhusu utotoni. Mapafu hukua pamoja na mwili, na uwezo wake hufika kileleni kati ya miaka 20 na 25, wasichana wakitangulia wavulana kidogo. Pale kileleni hukaa kwa muda, kisha huanza kushuka taratibu. Kwa asiyevuta sigara hupungua kama mililita 20 hadi 30 za FEV1 kila mwaka. Kwa hiyo kinachoamua utahemaje ukiwa na miaka 60 ni mambo mawili: ulifika kilele cha juu kiasi gani, na unashuka kwa kasi gani.

Pumu ya utotoni inaweza kugusa yote mawili. Marekani na Canada walifuatiliwa watoto waliokuwa na pumu ya kudumu, ya wastani au chini ya hapo, hadi wakawa vijana. Kati ya 684 waliochambuliwa, robo tu, yaani asilimia 25, ndio waliokua mapafu kawaida bila kuanza kushuka mapema. Waliobaki ama hawakufika kilele kinachotakiwa, ama walianza kushuka kabla ya wakati, ama yote mawili. Walipokuwa na miaka 26 hivi, asilimia 11 tayari walikuwa na mapafu yanayofanana na ya mwenye ugonjwa wa kuziba mapafu. Huko Melbourne, Australia, kuna watoto walioanza kufuatiliwa mwaka 1964 wakiwa na miaka 7, na wakafuatwa hadi miaka 50. Pengo lililoonekana utotoni kwa wenye pumu kali lilibaki nao utu uzima wote.

Sababu yake ni kwamba uvimbe wa muda mrefu kwenye mirija huiacha imebadilika. Misuli inayoizunguka hunenepa, utando wa ndani huwa mgumu, tezi za makohozi huongezeka. Mrija wa namna hiyo hautibuki kila siku, kwa hiyo mtoto kifua hakimlii, hakohoi, mama anashukuru Mungu na inhela inatupwa. Kutulia kwa dalili na kukua kwa mapafu ni hesabu mbili tofauti, na ya pili haionekani mpaka mtu apulize kwenye mashine. Pumu kulala na kuamka ni jambo la kawaida pia: New Zealand, kati ya watu 613 waliofuatiliwa tangu utotoni, asilimia 12.4 walikaa bila dalili kisha zikawarudia kabla au wakiwa na miaka 26.

Ndiyo maana ninaing'ang'ania 3.40. Hiyo ndiyo picha ya karibu ya ukubwa wa mirija yako ikiwa imefunguka. Sehemu ya ulichokuwa umekosa siku ile ilirudi kwa dawa, maana yake ni mkazo na uvimbe, vitu vinavyotibika. Kilichobaki hadi kiwango kinachotarajiwa ndicho kinachoweza kuwa alama ya utotoni, na ukubwa wake utaujua ukirudia kipimo baada ya matibabu. Nikuambie na upande wa pili kwa uaminifu: dawa ya kuvuta ya steroidi hupunguza uvimbe, mashambulizi na kulazwa, lakini watoto wale wa Marekani na Canada walioitumia kwa miaka kadhaa hawakuishia na mapafu makubwa kuliko wenzao. Haikuzi pafu. Inakulindia ulilonalo, na kwa umri wako, miaka michache kabla ya kilele, hilo si jambo dogo.

Kabla ya yote, pimwa makohozi ya kifua kikuu. Ukikohoa wiki mbili au zaidi katika jiji hili kipimo hicho hakirukwi, na kwenye vituo vya umma ni bure. Kifua kikuu nacho huacha makovu yanayopunguza mapafu, na mtu anayekiugua hapaswi kupuliza kwenye mashine ya wote.

Kisha urudie kipimo cha kupuliza baada ya miezi mitatu ya matibabu. Kliniki za kifua kwenye hospitali kubwa, Muhimbili ikiwamo, ndiko pa kuuliza. Ukianzia hospitali ya Amana utaandikiwa rufaa ikihitajika. Usitumie inhela ya bluu saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, na ikiwa umeanzishiwa yenye formoteroli, dawa ya kufungua mirija inayodumu muda mrefu, muulize daktari uisimamishe tangu lini. Usivute sigara saa moja kabla, usifanye mazoezi makali, usile ukashiba. Ukikaa kwenye kiti: mgongo wima, miguu chini, pua imebanwa, midomo imefunga mrija bila upenyo na ulimi uko chini yake. Vuta hadi mwisho, kisha lipua hewa bila kusita na uendelee kutoa mpaka mashine ionyeshe hakuna kinachotoka. Wanaume wengi vijana hulipua vizuri sekunde mbili halafu wanaacha. Hapo FVC inatoka ndogo kuliko ukweli, uwiano unapanda kwa uongo, na mirija iliyobana inaonekana mizima. Kukohoa katika sekunde ya kwanza kunaharibu jaribio lote. Yanatakiwa majaribio matatu mazuri, na mawili yaliyo bora yasipishane zaidi ya mililita 150. Una haki pia ya kuuliza kama mashine imehakikiwa asubuhi hiyo kwa bomba la lita 3.

Niende Keko, kwa sababu mwezi wa tatu uliotaja unanipa shaka kubwa. Vumbi la mbao ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuamsha pumu, na mbao nyingine huianzisha kwa asiyekuwa nayo. Mvule unajulikana kwa hilo. Vumbi la MDF, zile mbao za kiwandani, lina gundi ndani yake. Hatari zaidi ni rangi na vanishi za kuchanganya na kikausha chake, zikipulizwa kwa kompresa, kwa sababu nyingi zina isosayaneti, kemikali inayoigandisha rangi. Mwili ukishazizoea kwa ubaya, hata mvuke kidogo unatosha kukubana. Kipindi cha masika kinaongeza ukungu na unyevu, kwa hiyo usikimbilie kulaumu mbao kabla ya kupima.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Nunua pikflomita, kile kibomba cha plastiki chenye kishale. Puliza ukiwa umesimama, mara tatu, andika iliyo kubwa. Fanya hivyo mara nne kwa siku: ukiamka, mchana ukiwa kazini, jioni ukitoka, na kabla ya kulala. Endelea wiki mbili za kazi, halafu omba wiki moja hadi mbili za mapumziko uendelee vilevile. Kwa kila siku chukua namba ya kuamka na ya jioni, toa ndogo kwenye kubwa, gawanya kwa wastani wa hizo mbili. Mfano: kubwa 480, ndogo 400, wastani 440, tofauti ni 80, sawa na asilimia 18. Kwa mtu mzima wastani wa wiki ukizidi asilimia 10 unaashiria pumu isiyotulia. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda siku za mapumziko, tumempata mhusika. Usikadirie, usijaze siku tatu kwa mpigo. Daktari mzoefu huona namba za kubuni kwa sababu zinafanana mno.

Wakati huo huo jilinde. Msasa wa mashine ufanyiwe nje au penye upepo unaokwenda upande usio wako, sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, nguo za kazi zisiingie chumbani. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini. Inayofaa ni N95 au FFP2 iliyokaza usoni. Nayo haizuii mvuke wa rangi hata kidogo, kwa hiyo siku ya kupuliza rangi wewe usiwepo. Ikithibitika kwamba kazi ndiyo chanzo, kuhamia upande wa kupima na kukata kwa msumeno wa mkono, au useremala wa kuunganisha, ni bora kuliko kuongeza dozi kila mwezi ili uvumilie.

Kuhusu dawa, usirudie desturi ya inhela ya bluu peke yake. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri salbutamoli (ndiyo hiyo ya bluu) pekee kwa vijana na watu wazima, kwa sababu inafungua mlango huku moto ukiwaka ndani. Njia inayopendekezwa ni inhela moja yenye budesonidi (steroidi) na formoteroli, ambayo hutumika dalili zikija na, kwa mwenye dalili kama zako, kila siku pia. Isipopatikana au bei ikiwa kubwa, beklometasoni (steroidi ya kuvuta) ya kila siku, kwa kawaida mikrogramu 200 hadi 400 zikigawanywa asubuhi na jioni, pamoja na ya bluu pembeni. Daktari ndiye atakayepanga. Vidonge vya salbutamoli na aminofilini vinavyouzwa kirahisi maduka ya dawa huchelewa kufanya kazi, hutetemesha mikono na kuendesha moyo mbio; visichukue nafasi ya inhela. Ukimaliza kopo tatu za bluu zenye dozi 200 ndani ya mwaka, hiyo ni alama kwamba uko hatarini, hata kama unajisikia unamudu.

Najua mtaani inasemwa inhela ni ya mtu wa mwisho, ukiianza huiachi. Dawa inayovutwa inafika kwenye mirija kwa mikrogramu. Kidonge cha steroidi cha prednisoloni kinazunguka mwili mzima kwa miligramu. Hofu ya kudumaa ina chembe ya ukweli kwa watoto: walioanza budesonidi wakiwa wadogo walikuwa wafupi kwa sentimita 1.2 hivi walipokua. Kwa umri wako hilo limekwisha kukupita.

Jinsi ya kuvuta ndipo dawa nyingi inapopotelea. Tikisa, toa pumzi yote, anza kuvuta polepole kisha bonyeza, endelea kuvuta hadi mwisho, zuia hadi ukihesabu kumi. Mbonyezo mmoja kwa pumzi moja. Subiri nusu dakika ndipo urudie. Sukutua na uteme baada ya steroidi, la sivyo utapata utando mweupe mdomoni. Kujua kama kopo limebaki na dawa kwa kulielesha kwenye maji ni kujidanganya, hesabu dozi.

Kama huna spesa, kile kichupa kinachokaa kati ya inhela na mdomo, tumia chupa ya maji ya mililita 500. Utafiti wa Afrika Kusini uliotoka mwaka 1999 ulionyesha kwa watoto kwamba chupa hiyo, ikizibwa vizuri, inafanya kazi sawa na spesa ya dukani. Pinda waya kwa umbo la mdomo wa inhela, upashe moto, uyeyushe nao tundu kwenye kitako cha chupa, ingiza inhela na uzibe pembeni kwa gundi. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, umeme tuli utavutia dawa kwenye kuta za plastiki.

Mpira usiache. Pasha mwili dakika 10 hadi 15 kwa mbio za kukatiza, si kuingia uwanjani baridi. Mpaka matibabu ya kila siku yakolee, vuta dawa uliyopangiwa dakika 10 hivi kabla ya mechi. Uwanja wa vumbi ukinyunyiziwa maji kabla ya mchezo, wote mtashukuru. Na baada ya mechi, angalia kama diklofenaki au asprini ya maumivu inakuletea kubanwa. Baadhi ya wenye pumu hazipatani nao. Shisha, sigara na bangi sitazizungumza kwa mapana: kwa mapafu ambayo bado hayajafika kileleni, hazina kiwango salama. Dawa ya mbu ya kuchoma chumbani ibadilishwe kwa chandarua, na udi ufukizwe wewe ukiwa nje.

Ikiwa baada ya miezi mitatu ya dawa iliyovutwa sawasawa bado unahema kwa kazi ndogo, au uwiano umekuwa mzuri lakini pumzi haitoshi, mwambie daktari asikilize moyo na apime wingi wa damu. Ugonjwa wa mlango wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi huwapata vijana wetu, na upungufu wa damu na selimundu pia, na vyote hujificha nyuma ya jina la pumu kwa mtu aliyewahi kuwa nayo.

Siku utakayoshindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au ulimi na fizi zikaanza kuwa za bluu, au inhela ya bluu isidumu saa tatu, usisubiri asubuhi. Vuta mibonyezo 4 hadi 10 ya bluu kupitia spesa, mmoja mmoja, rudia kila dakika 20 mkiwa njiani kwenda hospitali, na bodaboda iwe chaguo la mwisho kwa sababu utahitaji mtu wa kukushikia chupa. Karatasi yako ya kipimo ikae mahali mama anapajua, ile 3.40 ikiwa imezungushiwa kalamu, ili atakayekupokea ajue kifua chako kikiwa wazi kinafika wapi.